Unga wa Dagaa Juu ya Kifaru cha Mzee Magesa

Aibu za watu wengine hutambaa, unaweza kuzifunika na khanga zikaishia humo humo. Yangu iliruka. Ilipaa juu ya mabati ya Mabatini mchana wa jua kali, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wazee wanne waliopigana vita, na kila aliyekuwa na macho siku ile aliiona ikienda zake upande wa ziwani. Mpaka leo nikipita kwa fundi viatu ananiuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mama Kulwa, leo umesaga nini, tuingize vyombo ndani?" na mimi nacheka naye, maana ukinuna ndiyo wanazidi. Sasa kaeni niwaambie mwenyewe, kabla hamjaisikia kwake, kwa sababu yeye anaongeza chumvi.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani. Kwa miaka kumi na mmoja kitambaa kilipita chini ya vidole vyangu hivi, na kazi yangu ilikuwa kukipapasa na kulikamata fundo kabla jicho halijaliona, na nilikuwa hodari (kujisifu kubaya, na mtaona mbele kwamba sifa ndizo zilizoniponza), halafu ikaja ile miaka ya ruksa, maduka yakajaa vitu na viwanda vikaanza kupunguza watu, nasi tukapunguzwa. Karibu kila aliyepunguzwa alinunua vifaranga wa kisasa. Mimi nikajiuliza, kama mji mzima unafuga kuku, hao kuku watakula kwa nani? Nikafungua kibanda cha chakula cha kuku pale Mabatini: pumba, mashudu ya pamba, chokaa, na unga wa dagaa niliokuwa nauchekecha mwenyewe mpaka unakuwa laini ungedhani ni wa kujipaka usoni.

Ukuta wangu wa kushoto ulikuwa ndio ukuta wa kulia wa Mzee Magesa. Huyu alikuwa Mjita, mtu wa kutoka kule Majita, fundi wa kuchomelea mageti na nondo za madirisha, mtu mpole, maneno yake yalihesabika. Mchana alichomelea mageti. Ikifika saa kumi alizima mashine, akanawa mikono kwa sabuni kama daktari, akakaa kwenye kigoda na kuendelea na kifaru chake. Kifaru cha vita nasema, chenye mnyororo na mzinga, ila urefu wake haukuzidi kiatu cha mwanamume.

Jamani, yule mzee alikuwa na mikono! Tumbo la kifaru alilikata kwenye bati la kopo la mafuta ya kupikia. Minyororo aliiunga kwa waya, pingili moja moja, ikawa inazunguka kweli ukiisukuma. Kichwa, kile cha mviringo kinachokaa juu, alikichonga kwa mbao nyepesi akaichimba ndani ikabaki ganda tu, kisha akakichomekea mzinga wa antena ya redio. Hakukigundisha kwenye tumbo. Kilikaa tu kwenye tundu lake ili kiweze kugeuka kushoto na kulia, na mimi (mjinga wa mwisho) nilikuwa napenda kukigeuza kila nikipita.

Lakini hayo yote kwake yalikuwa mifupa tu. Kazi yenyewe ilikuwa ngozi. "Kifaru kisicho na ngozi ni sabuni," alikuwa anasema, na kweli siku moja mteja alimletea kifaru cha plastiki kutoka Dubai, vilikuwa vimejaa madukani wakati ule, vinang'aa kama beseni, Mzee Magesa akakipitisha kidole gumba mara moja tu, akamrudishia. "Hiki ni cha kuogea," akasema, akaendelea na kazi.

Nilikuwa naacha wateja kwenye kibanda nikamtazame. Kwa mishono ya kuchomelea alichovya uzi kwenye gundi, akaulaza penye maungio, halafu akaubonyeza kwa ncha ya sindano mpaka ukawa na vijikunjo vile vile vya welding ya kweli. Kutu aliipata kwa kuloweka misumari kwenye maji ya ndimu, wiki nzima, mpaka maji yanakuwa rangi ya chai ya rangi, anayapaka, yanakauka, anapaka tena. Mwisho alisaga risasi ya penseli, akaigusa kwa ncha ya kidole, akasugua kingo fulani tu, basi pale pale bati la mafuta likageuka chuma kilichochakaa. Nikamuuliza kwa nini hapa na siyo pale. Akasema, "Hapa ndipo tulipokuwa tunashika tukipanda."

Ndipo nikajua. Mzee Magesa alikuwa mmoja wa watu wanne wa ndani ya kifaru wakati wa vita vya Kagera, na dereva wao alikuwa kijana wa Ukerewe, Malima. Wenzake walirudi. Malima hakurudi. Miaka yote ile Mzee Magesa alikuwa hajawahi kukanyaga Nansio, huko huko Ukerewe, kumuona mama yake Malima, na siyo kwamba ni mbali, meli inakwenda na kurudi. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila kuniangalia, "Nitamwambia nini, Mama Kulwa? Kwamba mimi nimerudi?"

Sasa habari zikaja kwamba huyo mama, Bibi Anastazia, yuko Mwanza kwa mpwa wake Buzuruga, ameletwa kutibiwa macho, na madaktari wamesema wamechelewa, mishipa imeshakufa, haoni tena. Mzee Magesa akaamua. Jumapili fulani atamwalika nyumbani kwake, nyuma ya karakana, pamoja na wale aliopigana nao waliobaki mjini, na atampa kile kifaru. Na kwa kuwa haoni, atakishika. Ndiyo maana ngozi.

"Malima kila akitaka kupanda," akaniambia, "alikuwa anakipiga kofi kichwani, anasema, nimegusa jiwe la mama. Alimwambia na mama yake alipokuja likizo ya mwisho, kwamba kichwa cha kifaru kina mapele kama jiwe lake la kusagia likiwa limetoka kugongwa ili lishike nafaka. Tumbo ni bati la kunyooshwa, laini. Kichwa ni chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kama sufuria. Mama akishika kichwa, ajue."

Basi mimi nikawa vidole vya Bibi Anastazia. Mzee anapaka, inakauka, ananiita, "Mama Kulwa, funga macho." Nafunga. Nashika. Mara ya kwanza alitumia mchanga wa ziwa aliouchekecha kwa soksi ndefu ya mitumba, nikamwambia hapana mzee, huu ni msasa, unakwaruza. Akaukwangua wote. Mara ya pili vumbi la mbao, likavimba likawa laini kama andazi. Akakwangua. Mara ya tatu maganda ya mayai, yakalala kama magamba. Akakwangua. Hakunung'unika hata siku moja, na mimi niliyezoea wasimamizi wa kiwandani waliokuwa wakiambiwa kitambaa kina kasoro wanakasirikia kidole, nilimpenda mzee yule kama baba yangu.

Hatimaye akapata mchanganyiko wake, mchanga kidogo, mbao kidogo, masizi, ukakaribia sana. Kopo moja dogo. Kabla hajaupaka akapata msiba Majita. Akaniachia kazi moja tu: kupaka kile kifuniko kidogo cha dereva, kilichokaa mbele kwenye tumbo, ukubwa wa sarafu, ambacho nacho kwenye kifaru cha kweli kilimiminwa. "Jaribia kwenye hicho," akasema, "nikirudi nitamalizia kichwa." Akaondoka Jumanne.

Jumatano asubuhi kuku wangu mwenyewe, tetea mwekundu asiye na adabu, akaruka juu ya meza ya Mzee Magesa akaliangusha lile kopo, na kabla sijafika alikuwa ameshaparua mchanganyiko wote ukaingia kwenye vumbi la sakafu. Nilisimama pale nimeshika kichwa. Mtu mwenye akili angesubiri mzee arudi amwambie, mzee, kuku amemwaga. Mtu mwenye akili. Mimi macho yangu yakaenda kwenye gunia langu la unga wa dagaa.

Naomba mnielewe. Ule unga, hata ukiuchekecha ukawa laini machoni, kidoleni una punje kubwa na ndogo zilizochanganyika, hazilingani, tena una vigamba vinavyometameta kama chuma. Nikachukua kijiko kimoja. Nikachanganya na gundi ya mbao, nikapaka kile kifuniko, nikakidonoadonoa kwa brashi ya kunyolea kama nilivyomuona mzee akifanya. Kikakauka. Nikapaka rangi ya kijani mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Nikafunga macho, nikagusa, na mwili ukanisisimka. Lilikuwa jiwe kabisa.

Mzee Magesa alirudi Ijumaa. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee, pole na msiba," akaitikia marahaba, akakaa, akachukua kifaru, kidole chake kikafika kwenye kifuniko kikasimama. Akakirudia. Akafumba macho yake mwenyewe. Halafu yule mtu wa maneno ya kuhesabu akasema, "Mama Kulwa. Mimi nimehangaika mwaka mzima. Umefanyaje?"

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa na jibu la neno moja mdomoni, dagaa, na sikulitoa. Kiwandani miaka kumi na mmoja hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia vidole vyangu vimefanya jambo, na sasa fundi kama yule ananitazama kana kwamba mimi ndiye fundi. Ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Nikasema, "Nimechekecha tu vizuri, mzee." (Ambayo ni kweli! Nilichekecha!)

Akanisukumia kile kichwa chote. "Basi malizia wewe. Keshokutwa mama anakuja."

Sasa ningesema? Nikipaka mchanga ataona tofauti, nikisema ukweli nitaonekana nilimdanganya, na Jumapili ndiyo hiyo. Nikapaka kichwa kizima unga wa dagaa. Nikakidonoa jioni yote ya Ijumaa, na kilitoka kizuri, jamani, kilitoka kizuri hata mimi nilikiogopa. Tatizo likaja Jumamosi, kopo la kijani likaisha baada ya mkono mmoja, tena mwembamba, na duka la rangi lilikuwa limefungwa. Nikanusa. Nikasikia kitu kwa mbali. Nikakipulizia kifaru manukato ya binti yangu, yale ya kichupa cha duara yaliyoingia mjini mwaka ule, nikajiambia hewa itamaliza.

Jumapili baada ya ibada watu wakajaa uani kwa Mzee Magesa. Turubai lilifungwa, viti vya kukodi, sufuria ya pilau jikoni, soda kwenye beseni la barafu. Bibi Anastazia aliletwa na mpwa wake, mwanamke mwembamba aliyenyooka, ana kitambaa cheupe kichwani na rozari mkononi, akaketishwa kiti cha mbele kabisa. Mzee Magesa alikuwa amevaa koti, na wazee watatu wenzake wa jeshini nao makoti, wamekaa mstari mmoja migongo imenyooka kama vijana. Mzee Magesa alikuwa bado hajamsogelea yule mama hata kumwamkia, alimpungia tu kwa mbali mtu asiyeona.

Kifaru kiliwekwa kwenye meza ndogo, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Turubai halikutosha, kwa hiyo wageni walipata kivuli na meza ikapata jua. Mwenyekiti wa mtaa alizungumza. Mnawajua wenyeviti, wakishika nafasi hawaiachii, huyu alianzia vita akafika usafi wa mitaro, na jua linapiga kile kitambaa, linapiga, mpaka nikaiona pua yake inacheza. "Naona kuna jirani anaanika dagaa," akasema katikati ya hotuba. Watu wakaitikia kwamba ndiyo, ni kweli, tena wabichi. Nikatazama soda yangu.

Halafu Mzee Magesa akafunua.

Sitasahau ule ukimya. Hata nikicheka mkasa huu mara mia sitausahau. Kifaru kilikuwa pale na kutu yake na mishono yake, udongo mwekundu umeng'ang'ania kwenye minyororo, na kile kichwa kina mapele ya chuma kilichomiminwa, hujui kinaanzia wapi kuwa mbao. Mmoja wa wale wazee, Mzee Wambura, alisimama polepole akavua kofia. "Ndicho," akasema. "Magesa, ndicho chenyewe. Mungu wangu, ndicho." Mwingine akajifuta macho kwa mkono wa koti. Nami nikavimba! Badala ya kuogopa nikavimba, kwa sababu walikuwa wanakitazama kichwa.

Paka wa Mama Zuhura, jirani yetu, ndiye aliyeanza. Alipita katikati ya miguu ya watu kama mgeni aliyechelewa, akapanda mezani, akakilamba kichwa cha kifaru. Akalamba tena. Watu wakacheka kidogo, Mzee Magesa akatabasamu, "Hata paka amekipenda," akamtoa. Paka akarudi. Safari hii akang'ata, na tulipomvuta ulimi wake ulikuwa wa kijani, na juu ya kichwa pamebaki doa la kahawia linalometameta. Mzee Magesa akaliangalia lile doa, halafu akaniangalia mimi. Mpaka leo nasikia baridi.

Lakini hakukuwa na muda, kwa kuwa mpwa wake alikuwa ameshamsimamisha Bibi Anastazia, anamleta mezani hatua kwa hatua, na mama yule amenyoosha mkono mbele, vidole vimefunguka. Mkono ulikuwa umebakiza kama shubiri moja.

Mnawajua mwewe wa Mwanza. Wakimwona paka amekazana na kitu, hawaulizi ni nini. Nilisikia upepo sikioni, kivuli kikapita, mama mmoja akamwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane!" na mwewe akanyanyua kichwa cha kifaru, chote, na mzinga wake, akapaa nacho juu ya turubai. Kile kichwa chepesi kama ganda, kilichokaa tu kwenye tundu. Tukainua nyuso zetu wote. Antena imetokeza mbele ya kifua cha ndege, inang'aa juani, inazunguka kushoto na kulia kama inatafuta adui.

Fundi viatu (ni yeye, nani mwingine) akasema kwa sauti yake ile, "Vita nzima hakikupigwa na ndege, kimekuja kupigwa Mabatini!" Basi. Uani kukapasuka. Watu walicheka mpaka viti vya kukodi vikaanguka, mwenyekiti amejishika tumbo, mpishi ametoka jikoni na mwiko anauliza nini, hata mmoja wa wale wazee wa jeshi alikuwa ameinama mabega yanamtikisika.

Katikati ya kicheko hicho nikamwona Bibi Anastazia. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani. Anaupeleka kushoto, hakuna kitu, anaupeleka kulia, hakuna kitu. "Kiko wapi?" akauliza. "Mbona mnacheka? Mnanicheka mimi?"

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mzee Magesa alikuwa amesimama kando ya meza, ameshika tumbo la kifaru lenye tundu juu. Miaka yote ile aliogopa kumkosea yule mama, na sasa ameshamkosea mbele ya mtaa mzima, na kosa lilikuwa langu. Niliona kabisa kwamba nikikaa kimya litabaki lake. Yeye asingenitaja. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya Bibi. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi Mama Kulwa, jirani. Hawakucheki wewe, bibi, wananicheka mimi, ila walikuwa bado hawajui." Nikamwambia yote, pale pale, mbele ya watu, kuku, kopo, gunia, paka, mwewe. Nikamwambia Mzee Magesa amefanya kazi hii mwaka mzima na hajui kitu, mimi ndiye niliyepaka kichwa cha kifaru cha mwanao unga wa dagaa, wa kulishia kuku, kwa sababu nilisifiwa nikashindwa kusema. Hakuna aliyecheka. Nilitamani hata fundi viatu aseme kitu.

Bibi aliikunja rozari yake kiganjani. Kisha akasema, "Leteni kilichobaki."

Mzee Magesa akamwekea mapajani. Vidole vyake vikapita kwenye minyororo, kwenye mishono, polepole, vikashuka mbele, vikafika kwenye kifuniko cha dereva, kile cha ukubwa wa sarafu, vikatulia. "Hapa ndipo alipokuwa anakaa?"

"Ndiyo mama," Mzee Magesa akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake.

Bibi akainua kidole akakinusa. Akakinusa tena. Na uso wake ukaanza kubadilika, nikafikiri analia, kumbe.

"Malima," akasema, "alikuwa hapatani na dagaa tangu tumboni. Nyumba yetu ilikuwa ya dagaa, baba yake dagaa, kuanika dagaa, kula dagaa. Aliniambia, mama, mimi nakwenda jeshini, afadhali risasi kuliko harufu hii." Akapiga paja. "Mtoto wa watu alikimbia dagaa mpaka vitani, na leo mmemfuata nao mpaka ndani ya kifaru!"

Akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote waliocheka kabla yake, na sisi tukiogopa kumfuata, mpaka kicheko kikageuka kikawa kilio, na kilio hicho hakikuwa cha mkasa wangu tena. Mzee Magesa akapiga magoti pembeni yangu, mtu mzima na koti lake. "Mama, mimi ni Magesa. Nimechelewa."

"Umechelewa sana," Bibi akamjibu, akimtafuta kichwa kwa mkono mpaka akakipata. "Alikuwa anakuandika kwenye barua zake. Mimi nimekaa nikisema, huyu Magesa naye amekufa, nikawa nakuombea kama marehemu."

Pilau lililiwa, kama mnataka kujua. Na mzinga ulipatikana siku ya tatu juu ya bati la fundi viatu, ndiyo maana anajiona ana haki na hadithi hii. Kichwa hakijaonekana hadi leo.

Mzee Magesa hakunigombeza. Alichonga kichwa kingine, na siku kilipokuwa tayari akanijia kibandani akasema tu, "Jiandae, tunakwenda na meli ya asubuhi." Tukaenda Nansio, alikokwisha kurudi Bibi, na tumbo la kifaru, kichwa kisicho na ngozi, gundi, soksi na brashi ya kunyolea. Jiwe la Bibi lilikuwa uani kwake, limelala miaka, maana siku hizo watu walikuwa wanasagisha mashineni. Mzee Magesa akaligonga upya kama wanavyoligonga wazee likisha kuwa laini, tak, tak, tak, na mimi nikakinga vumbi na punje zake kwenye khanga. Nikachekecha. Tukachanganya na gundi, akapaka yeye, nikadonoa mimi, kikapakwa rangi mikono minne, tukakiacha kikakauka siku mbili tukila samaki wa Bibi (sato, siyo wale wengine).

Kilipokauka, Mzee Magesa akakichomeka mahali pake, akamkabidhi. Bibi Anastazia hakukishika kwanza. Alikiinua mpaka puani, akavuta hewa taratibu, uso ameugeuzia upande wangu nilikokaa, na mimi nikainamisha kichwa kama mwanafunzi. Ndipo akaweka kiganja juu yake. Akakipapasa. Akanyoosha mkono wa pili chini akagusa jiwe, akarudi kwenye kifaru, akarudi kwenye jiwe. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono mmoja huku, mkono mmoja kule.

"Mwanangu hakuwa mwongo," akasema.

Na tangu siku hiyo nimeapa, mtu akinisifu kwa lolote, iwe mchuzi, iwe mshono, iwe chakula cha kuku, kabla hajamaliza sentensi namwambia nimetia nini ndani yake.